Mwinjilisti na Jozi za Kijapani

Nilifanya kazi ofisi moja na Mwinjilisti kwa miaka kumi na minne. Meza yangu ilikuwa dirishani, yake karibu na mlango, na kwa muda wote huo sikuwahi kumwona akimtazama mtu usoni kabla hajamtazama mikono. Mgeni akiingia kuomba cheti cha ubatizo, mimi nilikuwa nauliza jina; yeye alikuwa ameshaona kucha, makovu, pete, na namna mtu anavyoishika kofia yake. Watu walidhani ni aibu. Wengine walisema ni unyenyekevu wa mtumishi. Mimi niliona tu kwamba baadhi ya watu, wakishatoka, walimwacha akiutazama mlango, chai yake ikipoa mezani.

Usharika wetu uko juu ya Makumira, pale migomba inapoanza kuwa mingi kuliko nyumba, na Mlima Meru unauona asubuhi tu kabla haujajifunika. Mimi nilikuwa karani. Niliandika matangazo, nilijaza vyeti, nilichapa barua za mchungaji. Mwinjilisti alifundisha kipaimara, alizika watu mchungaji akiwa safarini, na zaidi ya yote alifundisha ndoa. Hakuna aliyefunga ndoa kwetu bila kukaa mbele yake Jumamosi sita mfululizo, mimi nikijaza daftari la mahudhurio.

Mahubiri yake yalikuwa mabaya, na alijua. Alisoma kwenye karatasi kwa sauti moja, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa, mpaka wazee wa kanisa wakawa wanaamshana kwa viwiko. Alivaa koti lile lile la kahawia, kiangazi na masika. Hakuweza kuchinja kuku. Mke wake ndiye alikuwa anachinja, yeye anaingia ndani mpaka kelele ziishe. Mbwa wa jirani walimfuata hadi kanisani wakamngoja nje. Lakini watoto wa kipaimara walimwogopa, ingawa hakuwahi kuwachapa hata siku moja. Akiinua mkono kufuta ubao, wale wa benchi la mbele walikuwa wanarudi nyuma kidogo. Naye alikuwa anaona. Alikuwa anaushusha mkono taratibu, anaweka chaki mezani, anawaambia waimbe.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: mieleka ya Wajapani.

Kabla ya utumishi alikuwa dereva wa mtaalamu wa Kijapani aliyekuja kupima mifereji ya umwagiliaji. Kaka wa mtaalamu yule alimtumia kanda za video kutoka kwao, na kila mwaka kanda zilikuwa za mashindano yale yale: mieleka ya watu wawili wawili, yanayofanyika mwishoni mwa mwaka. Walizitazama pamoja kwenye nyumba ya mradi, dereva na bosi wake, kwenye kochi moja. Mjapani alikuwa na Kiswahili cha maneno mia mbili, karibu yote akayatumia kwenye mieleka. "Huyu na huyu, rafiki," alikuwa anamwambia. "Kesho adui. Keshokutwa rafiki tena. Wewe usiangalie sura. Angalia mkono."

Mradi ulipoisha, Mjapani alimwachia deki ya video na sanduku la kanda. Kwa miaka kadhaa ziliendelea kuja nyingine kwa posta, na barua fupi ndani. Mwaka mmoja kifurushi kikaja bila barua. Baada ya hapo hakikuja kitu. Mwinjilisti aliandika mara tatu, hakujibiwa, na hakusema tena habari za rafiki yake. Simu za kisasa zilipofika, alinunua ya kwake kwa sababu hiyo tu: ajue kila Novemba na Desemba jozi gani imepata pointi ngapi.

Hivyo basi, vijana wetu waliokuja kujifunza ndoa walifundishwa, pamoja na Waraka kwa Waefeso, historia ya ligi ya jozi ya Wajapani. Aliwasimulia jinsi mashindano yalivyoanza kwa kukusanya jozi kutoka nchi mbalimbali, na jinsi walivyosafiri mji hadi mji, kila jozi ikikutana na kila jozi. Ukishinda, pointi mbili. Muda ukiisha bila mshindi, moja kwa kila upande. "Na jozi zote mbili zikitoka nje ya ulingo kupigana huko chini mpaka mwamuzi akamaliza kuhesabu, hakuna anayepata kitu," alisema. "Sifuri na sifuri. Mmenielewa?"

Aliwasimulia ile fainali ya mwanzoni kabisa, ambapo mtu alitoa uma, uma huu wa kulia chakula, akamchoma nao mpinzani wake mkononi mbele ya umati, na ndugu wa yule aliyechomwa akabaki peke yake dhidi ya watu wawili. Aliwasimulia mwaka ambao mtu asiye kwenye orodha alikuja akiwa amevaa nguo zake za kawaida, akawasindikiza wenzake hadi ulingoni, akasimama pembeni kama mtazamaji. Hakuna aliyemzuia. Mchezo ulipokaribia mwisho, akampiga mmoja wa wapinzani huko chini, mwamuzi akiwa hatazami, na mwenza wake aliyebaki juu akalazwa mabega chini. Aliwasimulia jinsi kampuni iliyoendesha mashindano ilivyopasuka miaka mingi baadaye, karibu wanamieleka wote wakaondoka kwa mkupuo, na mashindano yakafanyika mwaka ule ule na wachache waliobaki, wengine wakiunganishwa na watu waliokuwa maadui zao. Na kila alipomaliza hadithi ya jozi fulani kubwa, alikuwa anaongeza, bila kubadili sauti, nani kati yao alikufa bado kijana.

Siku moja bwana harusi mtarajiwa, kijana wa chuo, alimwuliza, "Lakini Mwinjilisti, ile si maigizo? Si wanapanga nani atashinda?"

"Wanapanga," alijibu.

"Sasa tunajifunza nini kwenye maigizo?"

"Anapokuinua juu ya kichwa chake, shingo ni yako kweli. Ameahidi kukushusha vizuri. Umemwamini. Hapo hakuna maigizo."

Mvua ikaanza kwenye bati.

Jumamosi ya tano lilikuwa zoezi la benchi. Mmoja alipiga magoti mwisho wa chumba, mwenzake akasimama nyuma ya benchi, mkono mmoja umeshika benchi, mwingine ameunyoosha. Aliyepiga magoti alitakiwa atambae hadi amguse, kama mwanamieleka aliyechoka anavyomgusa mwenza wake ili aingie ulingoni badala yake. Watu walicheka sana siku hiyo, na ndiyo ilikuwa maarufu kuliko zote. Kila mtu alimtazama anayetambaa. Mwinjilisti alimtazama anayengoja.

Hakuandika kitu, wala hakutoa maoni. Ila baada ya miaka michache watu walianza kugundua kwamba kuna jozi alizozishika mkono siku ya mwisho na kuna alizoishia kuzipungia, na zile alizozipungia hazikudumu. Mmoja alikimbilia machimboni Mirerani akamwacha mke na mapacha. Wengine wawili waligawana nyumba kwa ukuta wa matofali, mpaka leo upo. Basi maneno yakaanza. Akina mama walisema Mwinjilisti anaona. Wengine wakasema haoni, anasababisha. Wachumba wakaanza kukimbilia sharika nyingine, na waliokuja walikuja na macho ya watu wanaongoja majibu ya vipimo. Nilimwambia siku moja kwamba watu wanamwogopa. Akasema, "Wana haki," akaendelea kuchambua maharage ya mbegu aliyoleta kwenye bahasha.

Mke wake nilimfahamu kwa mbali. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na tulikubaliana wote kwamba anaringa. Ungeweza kumsalimia njiani asigeuke. Kanisani alikaa daima mwisho wa benchi upande wa kushoto, watu wote wakawa kuliani kwake, na mumewe akipita katikati ya safu kwenda mbele hakuwa anamtazama. Waliishi kwenye boma moja, nyumba mbili. Alimpikia, lakini hawakula pamoja.

Halafu akaja Rehema.

Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya na kufundisha chekechea yetu. Mchumba wake alikuwa mfanyabiashara wa parachichi, mtu wa kucheka na kila mtu, aliyetuletea viti vya plastiki vya ukumbini bila kuombwa. Kwenye zoezi la benchi, Rehema alipiga magoti, yeye akasimama akimngoja. Rehema alipofika karibu, akauvuta mkono. Watu wakacheka. Rehema naye akacheka, akasogea tena; akauvuta tena. Mara ya tatu alimwacha aushike, halafu akavibana vidole vyake, akatabasamu huku akivibana, mpaka Rehema akaacha kucheka. Ilichukua muda mfupi sana. Mwinjilisti alifunga Biblia yake akasema somo limeisha, kabla ya muda.

Jumatatu alimfuata mchungaji. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia yote.

"Ndoa ya Rehema tuiahirishe, Mchungaji."

"Kwa sababu gani? Tumeshatangaza mara mbili."

"Mkono wa yule kijana si mzuri."

"Mkono?"

"Ndiyo, Mchungaji. Mkono."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba hawezi kwenda kuwaambia wazazi wa pande mbili neno kama hilo, na kwamba mieleka sasa imezidi. Mwinjilisti akatoka. Alasiri alimwita Rehema, wakakaa kwenye ngazi za kanisa karibu saa nzima. Niliona Rehema akiitikia kwa kichwa, akicheka kidogo, akitazama saa. Jumapili nilimpa mchungaji tangazo la tatu nililolichapa mwenyewe.

Mwezi wa tano wa ndoa Rehema alikuja kufundisha na mkono kwenye plasta. Mwezi wa tisa tukapigiwa simu kwamba ameanguka kwenye ngazi, amefariki. Nyumba yao haikuwa na ngazi. Kila mtu aliyeijua nyumba ile alilijua hilo. Mume alitoa maelezo yake, ndugu wakakaa vikao, tukazika Jumatano. Mwinjilisti alipangiwa sala ya kaburini. Alisimama, akafungua kitabu, akakaa kimya mpaka mzee mmoja wa kanisa akakichukua kitabu mikononi mwake akasoma yeye.

Kesho yake ofisini nilimwuliza kile ambacho usharika mzima ulitaka kumwuliza. "Mwinjilisti, ulijuaje?"

"Ulishawahi kumsalimia mke wangu akakunyamazia?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa umesimama upande gani?"

Nikafikiri. "Kushoto kwake."

"Mkono wangu ni wa kulia," alisema.

Akanieleza polepole, akiitazama meza: mwaka wa pili wa ndoa yao, kofi moja, kwa sababu ya jambo ambalo hata halikumbuki, na sikio la kushoto halikusikia tena. Halikuwa kofi la kwanza. Lilikuwa la mwisho, kwa sababu lilimtisha yeye mwenyewe. Miezi kadhaa baadaye alipata kazi ya udereva, na siku Mjapani alipomwambia aangalie mkono, aliondoka kwenye kochi akaenda kukaa kwenye gari.

"Mimi si nabii, Mama Anande," alisema. "Namjua yule kijana kwa sababu nilikuwa yeye."

"Sasa kwa nini hukumwambia Rehema?"

"Nilimwambia. Saa nzima."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia habari za yule aliyevaa nguo za kawaida."

Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa mume wa Rehema.

Baada ya mwaka mmoja ilitufikia barua. Mfanyabiashara wa parachichi alikuwa anaomba uthibitisho kwamba ni mgane, ili afunge ndoa kwenye usharika mwingine. Mchungaji akaniambia niandike, nikaandika. Kila neno lilikuwa kweli. Mwinjilisti aliisoma akichungulia begani kwangu, akavaa koti lake, akapanda gari kwenda Engutoto, ambako walikaa wazazi wa huyo binti mpya. Alirudi alasiri, viatu vimejaa tope.

"Wamekusikiliza?"

"Wamenitoa nje. Wanasema nina wivu na mkwe wao."

"Uliwaambia wazi?"

"Nilianza na Wajapani," alisema, akakaa, akaufunika uso kwa viganja. Wiki ile aliandika barua ya kuacha utumishi. Yeye na mkewe wakahamia juu ya Ngaramtoni, kwenye shamba la ukoo wa mkewe, karibu na msitu.

Sikumwona kwa miaka sita. Nilisikia tu kwamba yu hai.

Mwaka jana binti yangu Anande akaleta mchumba. Godlisten ni kijana msafi, ana kazi nzuri kwenye kampuni ya kutembeza watalii, shikamoo yake haikosekani. Nilimpenda wiki ya kwanza. Wiki ya pili niliona kwamba Anande akitaka kuongeza chakula anamtazama kwanza. Nikaona jinsi anavyoinuka Godlisten akimpigia simu, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikamwuliza, akasema, "Mama, unatafuta makosa." Nilimtazama Godlisten mikono mpaka macho yakaniuma. Ilikuwa mikono tu.

Jumamosi moja ya Novemba niliwaambia twende tukamwone mzee mmoja awaombee. Godlisten akatuendesha. Tulipita Ngaramtoni siku isiyo ya soko, tukaanza kupanda, ukungu ukateremka kutukuta mpaka akawasha taa mchana.

Mwinjilisti alikuwa barazani na koti lile lile, simu mkononi. Amekonda.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Mama Anande. Umekuja wakati mzuri, ligi imeanza." Akawapokea vijana, akawatazama mikono yote minne, nikauona uso wake ukibadilika kidogo, kisha akaanza: "Mwaka huu kuna jozi moja, hawa walikuwa maadui..."

Mke wake alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini.

"Baba," alisema. "Usiwaletee Wajapani. Muulize wazi."

Mwinjilisti aliweka simu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimkazia mtu macho usoni.

"Godlisten, umewahi kumpiga huyu binti?"

Godlisten akacheka. "Mzee, haya sasa ni maswali gani?"

"Ni swali fupi."

"Mama, si ulisema tunaombewa?" Alinigeukia mimi, bado anatabasamu, lakini jicho lake lilikuwa kwa Anande, na halikuwa linatabasamu.

Anande alikuwa anatazama kikombe chake. Mke wa Mwinjilisti akahamisha kigoda, akakaa upande ambao angeweza kumsikia. Hakumgusa. Alikaa tu.

"Mara moja," Anande alisema.

Akakizungusha kikombe.

"Mara mbili."

Godlisten alisimama, funguo mkononi. "Anande, twende kwenye gari." Alisema bila kupaza sauti, kwa upole kabisa. Anande hakuinuka. Akarudia, na safari hii akalitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake. Nikahamia kwenye kiti kilichokuwa kati yao. Mwishowe akaenda peke yake, tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Hakuondoka.

Tulikunywa chai tusiyoisikia ladha. Baadaye Mwinjilisti akachukua fimbo yake, mke wake akajifunga shuka, wakasema watatusindikiza kwa njia ya miguu, inayokata katikati ya mashamba hadi barabarani. Tulishuka wanne kwenye ukungu. Juu yetu tukasikia gari likiwashwa, likaanza kushuka nalo, polepole, likifuata mizunguko ya barabara. Kila tuliposimama, nalo lilisimama. Anande alinishika mkono wa gauni kama alipokuwa na miaka mitano.

Tulipofika barabarani lilikuwa limeshafika, taa zinawaka, injini inanguruma. Mwinjilisti alitangulia. Mzee wa umri ule, alikwenda akasimama mbele ya gari, katikati kabisa, akamwambia mtu aliyekuwa ndani, "Mimi nilikuwa nampiga mke wangu. Yule pale. Muulize nilichomfanya." Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, na kwenye kituo cha bajaji pale kulikuwa na watu. Mke wake alisimama kando ya barabara, kichwa wima, akimtazama mumewe.

Godlisten akapandisha kioo. Akarudi nyuma, akageuza, akaondoka kuelekea mjini.

Mwinjilisti alikaa chini kwenye majani. Nilidhani analia, lakini alikuwa anapumua tu. Bajaji ilipokuja, alimsogelea Anande akiegemea fimbo, akamwambia, "Usiku huu fungeni mlango kwa komeo. Na kesho fungeni."

"Mpaka lini, Mwinjilisti?" niliuliza.

Alimtazama mke wake, kama swali lile lilikuwa lake. Mama yule akafikiri, akasema, "Mimi bado nafunga."

Harusi ilivunjwa. Mahari ilirudishwa. Anande anafanya kazi, anacheka tena, anaongeza chakula bila kumtazama mtu. Gari lile nimeliona mara mbili mwisho wa njia yetu, limesimama, hakuna anayeshuka. Nikitoka na simu linaondoka. Jioni jua likigusa migomba, mmoja wetu anainuka bila kuambiwa, anaweka komeo, kisha mwingine anakwenda kulijaribu.